Ini Linapoomba Ujima

Sogeeni, wajukuu zangu, mkae vizuri. Leo sungura na fisi wapumzike. Nina kisa cha kweli cha msichana wa miaka 10 wa huko Marekani, ambaye kila siku ilimbidi alale chini ya taa za buluu kwa muda wa saa 10 hadi 12. Ngozi yake ilikuwa ya manjano, na sehemu nyeupe ya macho yake nayo ilikuwa ya manjano. Bila taa zile umanjano ungezidi, na ukizidi sana huingia ubongoni ukauharibu.

Mngemwona mngedhani ini lake lote limekwisha. La hasha! Ini lake lilifanya kazi zake zote isipokuwa moja. Damu yetu ina chembe nyekundu, na kila chembe huishi takriban siku 120. Ikichakaa, mwili huivunjavunja, na kwenye mabaki yake hutoka kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Kitu hiki hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo hakitoki mwilini kwa urahisi. Ini hukichukua, hukifungia sukari ya namna fulani ili kiyeyuke, kisha hukitoa pamoja na nyongo kupitia utumbo. Kimeng'enya kinachoifunga sukari hiyo ndicho alichokikosa msichana wetu tangu kuzaliwa. Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 1952 na madaktari wawili, John Crigler na Victor Najjar, na hadi leo unaitwa kwa majina yao.

Najua kuna anayetaka kuuliza: taa nazo zinasaidiaje? Katika miaka ya 1950, kwenye hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wachanga nje wapate jua. Mwaka 1956 aliwaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye umanjano wake ulikuwa umefifia mwili mzima, isipokuwa mahali palipofunikwa na pembe ya shuka. Wakachunguza, wakagundua kwamba nuru, hasa ya buluu, huibadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi, nayo ikaweza kutoka bila kuisubiri kazi ya ini. Lakini mtoto akikua ngozi huwa nene, na mwili unaongezeka uzito kuliko ngozi inavyoongezeka eneo. Nuru ileile haitoshi tena. Mwaka hadi mwaka msichana wetu angehitaji saa nyingi zaidi, na bado asingekuwa salama.

Tiba kamili ilikuwepo: kulitoa ini lake na kumwekea la mtu mwingine. Daktari Thomas Starzl alikuwa wa kwanza kulijaribu jambo hilo kwa binadamu, mwaka 1963 mjini Denver, na mgonjwa wake, mtoto mdogo, alifariki palepale kwenye meza ya upasuaji. Hakukata tamaa. Mwaka 1967 alifaulu, na leo upasuaji huo huokoa maelfu ya watu kila mwaka. Hata hivyo ni upasuaji mkubwa. Unahitaji ini la mtu aliyefariki, au kipande cha ini la mtu aliye hai, na aliyepandikizwa kwa kawaida hunywa dawa maisha yake yote ili kinga ya mwili isilishambulie ini hilo geni. Ndipo madaktari wakajiuliza: ini lililopungukiwa na kazi moja tu, ni lazima litupwe lote?

Kabla sijawaambia walivyojibu, lijueni kwanza ini lenyewe. Wekeni kiganja chini ya mbavu za upande wa kulia. Hapo ndipo lilipo. La mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na kila dakika hupitiwa na karibu lita moja na nusu ya damu. Robo tatu ya damu hiyo inatoka moja kwa moja utumboni, kwa mshipa mpana unaoingia kwenye ini. Ugali mliokula mchana na kidonge mlichomeza jana, vyote vilipita hapo kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Ini huweka akiba ya sukari na kuitoa usiku mkiwa mmelala. Hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu akijikata. Hutengeneza nyongo. Huvunja dawa na sumu. Pia hubadilisha amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, iwe urea ambayo hutoka kwenye mkojo.

Nyingi ya kazi hizo hufanywa na aina moja ya seli. Ni ndogo mno: mkizipanga 40 kwenye mstari, urefu wake ni kama milimita moja tu. Nazo zina sifa ambayo seli za moyo na za ubongo hazina: zikipungua, zilizobaki huongezeka. Mwaka 1931 watafiti George Higgins na Reuben Anderson wa Marekani waliwakata panya theluthi mbili ya ini. Baada ya wiki moja au mbili, kilichobaki kilikuwa kimekua kikarudia ukubwa wa awali. Ndiyo maana mzazi anaweza kumpa mwanawe kipande cha ini, na wote wawili wakaishi.

Kwa hiyo mara nyingi ini lililojeruhiwa linaweza kujiponya. Tatizo ni muda. Fikirini mkulima aliyeugua wakati wa palizi. Majirani hawamnyang'anyi shamba wakampa mtu mwingine. Wanakuja na majembe yao, wanapalilia, naye akipata nafuu anashika jembe lake mwenyewe. Huo ndio ujima wetu wa tangu zamani. Kupandikiza seli za ini ni ujima wa aina hiyo. Ini la mgonjwa linabaki mahali pake, na seli za mtu mwingine zinaletwa kulisaidia.

Kusema ni rahisi, wajukuu zangu. Kazi ilianzia kwenye kuzipata seli zenyewe. Zimeshikamana kwa nyuzi ngumu za protini, na watafiti wa mwanzo walipozikamua na kuzisaga, zilitoka zimekufa au zimejeruhiwa. Mwaka 1969 Michael Berry na Daniel Friend walionyesha njia ya upole. Waliingiza kwenye ini la panya, kupitia mishipa yake ya damu, maji yenye kimeng'enya kinachoyeyusha zile nyuzi na kuziacha seli salama. Ini likalegea, seli zikaachana zenyewe, nyingi zikiwa hai.

Kwa binadamu hufanywa vivyo hivyo, kwa maini yaliyotolewa na familia za marehemu lakini hayafai kupandikizwa mazima, pengine kwa sababu yana mafuta mengi au yamekaa muda mrefu bila damu. Ini husafishwa, hupitishiwa kile kimeng'enya likiwa na joto la mwili, kisha hutikiswa taratibu. Uji unaotoka huchujwa na kuzungushwa kwenye mashine ili seli zitue chini. Halafu tone moja hutiwa rangi ya buluu na kutazamwa kwa hadubini. Seli iliyokufa huiingiza rangi ndani ikawa buluu, na iliyo hai huizuia ikabaki nyeupe. Anayetazama huhesabu. Zilizokufa zikiwa nyingi mno, kazi yote hiyo imekwenda bure.

Baada ya kuzipata, walizijaribu kwanza kwa panya. Kuna ukoo wa panya wa manjano, uliogunduliwa miaka ya 1930, ambao hawana kimeng'enya kilekile alichokikosa msichana wetu. Mwaka 1976 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwadunga panya hao seli za ini za panya wazima, kwenye ule mshipa unaotoka utumboni. Bilirubini ikashuka. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba seli zilizomwagwa kwenye damu zinaweza kufika kwenye ini, zikapata makao na kufanya kazi. Mapema miaka ya 1990 huko Japani, Michio Mito na wenzake wakawa wa mwanzo kuwajaribia binadamu. Walichukua seli kutoka kwenye maini ya wagonjwa wenyewe, yaliyokuwa na makovu, wakazihamishia kwenye wengu.

Sasa turudi kwa msichana wetu. Hospitali iliyomtibu ilikuwa Omaha, katika jimbo la Nebraska, na Daktari Ira Fox na wenzake waliandika habari zake mwaka 1998. Hawakumpasua tumbo kulitoa ini. Waliingiza mrija mwembamba hadi kwenye ule mshipa mpana, wakapitisha seli polepole kwa saa nyingi. Kwa nini polepole? Kwa sababu seli nyingi zikiingia kwa mkupuo huziba vijia vya damu ndani ya ini. Walimpa seli bilioni 7.5. Ni nyingi kuzitamka, lakini ni sawa na asilimia 5 tu ya ini lake.

Bilirubini ikashuka kwa zaidi ya nusu. Muda wa kulala chini ya taa ukapungua, kutoka saa 10 hadi 12 ukafika saa 6 hadi 7 kwa siku. Kwenye nyongo yake ikaonekana bilirubini iliyofungiwa sukari, jambo ambalo ini lake peke yake lisingeweza. Seli za mgeni zilikuwa zinafanya kazi, na miezi kadhaa baadaye zilikuwa bado zipo kazini.

Ningeweza kuwakatia hadithi hapa, mkapiga makofi. Lakini msimulizi anayeficha nusu ya kisa ni mwongo. Msichana yule hakupona kabisa. Bado alihitaji taa, na miaka kadhaa baadaye alipandikizwa ini. Watoto wengine waliotibiwa kwa seli katika nchi mbalimbali walipita njia hiyohiyo: nafuu ya kweli, kwa miezi au miaka, kisha ikafifia.

Sababu zake mkizijua, mtaelewa wanasayansi wanahangaika na nini mpaka leo. Kwanza, seli nyingi zinazoingizwa hufa ndani ya siku chache. Damu huziona ngeni na kuanza kuganda kuzizunguka, na walinzi wa ini wenyewe huzimeza. Pili, zilizobaki huwindwa na kinga ya mwili, kwa hiyo mgonjwa bado anahitaji dawa za kuituliza. Tatu, seli za ini hazivumilii kuhifadhiwa. Zikigandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, nyingi huamka zimedhoofika. Nne, maini ya kuzitoa ni machache.

Hadi hapa nimewaambia habari ya ini lenye pengo moja. Lipo jambo la kutisha zaidi: ini zima kuzimika ndani ya siku au wiki chache. Mtu alikuwa mzima, mara macho yanageuka manjano, damu haigandi, amonia inapanda kichwani, anaanza kuchanganyikiwa, kisha anapoteza fahamu. Huko Uingereza na Marekani sababu kubwa ni kumeza paracetamol kupita kiasi. Kwetu, virusi vya homa ya ini vina sehemu kubwa. Na ipo sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafariki. Mkiona mama anaanika mahindi mara ya pili kwa sababu hayajakauka, msimcheke. Na ile chanjo anayopewa mtoto mchanga kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 ina kinga ya homa ya ini aina ya B ndani yake.

Ini likizimika ghafla, msaada unatakiwa leo, na hautakiwi milele. Mgonjwa akishikiliwa hai kwa wiki chache, huenda seli zake mwenyewe zikaamka na kuongezeka. Hapo ndipo madaktari wa hospitali ya King's College jijini London, wakiongozwa na Anil Dhawan, walipopata wazo la kupendeza. Walizichanganya seli za ini na alginati, ute unaotoka kwenye mwani wa kahawia. Si mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja. Ule ni wa jamii ya mwani mwekundu, na ute wake ni mwingine. Mchanganyiko huo ukidondoshwa kwenye maji yenye kalsiamu, kila tone huganda likawa kishanga kidogo chenye seli ndani.

Kishanga hicho kina matundu madogo mno. Chakula na hewa huingia, amonia huingia ikafanyiwa kazi, protini zilizotengenezwa hutoka. Lakini askari wa kinga ya mwili ni wakubwa kuliko matundu, hawawezi kupita. Kwa hiyo mgonjwa hahitaji zile dawa za kutuliza kinga. Vishanga huingizwa kwa sindano kwenye nafasi iliyo tumboni, nje ya utumbo, si kwenye damu. Hakuna mshipa wa kuzibwa.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba mtoto wa miezi michache, ambaye ini lake lilikuwa limeangushwa na kirusi, alitibiwa hivyo London. Ini lake mwenyewe likazinduka, hakuhitaji kupandikizwa. Mwaka 2020 madaktari hao waliandika habari za watoto 8 waliozimikiwa na ini ghafla wakapewa vishanga. Wanne hawakuhitaji ini jipya. Watatu walivushwa salama mpaka walipopandikizwa. Ni watoto wachache, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani angepona hata bila vishanga. Lakini kwa ugonjwa unaoua haraka namna hiyo, madaktari wengine walisikiliza kwa makini.

Mwaka huohuo wa 2020, kituo cha taifa cha afya ya watoto huko Tokyo kilitangaza jambo jingine. Mtoto alikuwa amezaliwa na ini lisiloweza kuigeuza amonia kuwa urea. Kwa umri ule alikuwa mdogo mno kuhimili upasuaji wa kupandikizwa, kwa sababu madaktari hupenda mtoto afikishe takriban kilo sita kwanza. Akiwa na siku sita tu alidungwa seli milioni 190. Hazikutoka kwenye ini la marehemu. Zilikuzwa maabara kutokana na seli za kiinitete cha binadamu, zile zinazoweza kufunzwa kuwa seli ya aina yoyote. Amonia ikadhibitiwa, mtoto akakua, akapandikizwa kipande cha ini la baba yake, na takriban miezi sita baada ya kuzaliwa akaruhusiwa kwenda nyumbani. Njia hiyo ikikomaa, ule uhaba wa maini ya kutolea seli utapungua.

Na wapo wanaouliza kama ni lazima msaada uende kwenye ini lenyewe. Ini la mtu aliyeugua miaka mingi limejaa makovu, halina nafasi ya kupokea wageni. Eric Lagasse wa Pittsburgh, Marekani, aligundua kwamba seli za ini zikidungwa kwenye tezi za limfu za panya, zile zinazovimba mkipata mtoki, hustawi humo na kugeuka kuwa ini dogo. Mwaka 2024 mgonjwa wa kwanza alidungwa seli kwenye tezi zilizo karibu na ini lake, kwa mrija uliopitia kinywani. Watafiti wanatumaini kwamba ini moja la marehemu litaweza kusaidia watu kama 75. Matumaini hayo bado yanapimwa.

Basi mtu akiwauliza kama seli zinaweza kulitibu ini, msijibu ndiyo wala hapana. Muulizeni kwanza: ini hilo lina tatizo gani? Kama limekosa kimeng'enya kimoja, seli chache zinaweza kumpunguzia mgonjwa mzigo, ingawa hazijaweza kumtua kabisa. Kama limezimika ghafla, seli zinaweza kumvusha mpaka ini liamke au mpaka ini jingine lipatikane. Kama limejaa makovu ya miaka mingi, kupandikizwa ini zima bado ndiyo tiba yenye uhakika, na wengi wa kwetu huifuata mpaka India. Kumbe kazi ngumu kupita zote ni kuwafanya wale majirani waliokuja kwenye ujima wasiondoke kabla palizi haijaisha. Hiyo bado haijapata jawabu. Haya, sasa ulizeni maswali.